Maji Meupe na Maji Matamu: Maana za -eupe na -tamu Katika Delta ya Tana

Ni desturi ya watunga kamusi kuyaeleza maneno ya rangi na ya ladha kwa ngazi mbili: kwanza maana ya msingi, kisha zile zinazohesabiwa kuwa zimezaliwa nayo kwa njia ya sitiari. Hivyo -eupe huanzia rangi ya maziwa au pamba, na -tamu huanzia ladha ya sukari au asali. Mpango huu una manufaa, lakini hautoshi. Makala haya yanaupima kwa mfano wa maji katika delta ya Mto Tana.

Garsen ni mji ulio karibu na mto huo, katika njia itokayo Malindi kwenda Lamu. Hapo Kiswahili huwakutanisha Wapokomo, ambao wengi wao ni wakulima, na Waorma, ambao wengi wao ni wafugaji. Mto hushuka na udongo mwekundu kutoka bara. Na kule chini, Kipini, hukutana na bahari. Kwa hiyo maji yana sifa mbili zinazohitaji kutajwa: tope na chumvi.

Tuchukue -tamu kwanza. Kisima cha maji matamu hakina sukari. Kina maji yasiyo na chumvi. Huko Ozi, ambako maji ya bahari hupanda mtoni na kuharibu mashamba ya mpunga, tofauti hiyo ni tofauti ya mavuno na njaa. Hata hivyo, mchuzi uliokolea chumvi huitwa mtamu, na usio na chumvi hauitwi hivyo. Chumvi ile ile huondoa utamu wa maji na kuuleta utamu wa mchuzi. Ni dhahiri kwamba -tamu haitaji ladha moja. Hutaja kufaa kwa kitu kwa mlaji au mnywaji, na nomino ndiyo inayoamua kufaa huko ni kupi.

Hali ya -eupe haiko mbali na hiyo. Pamoja na -eusi na -ekundu, ni miongoni mwa vivumishi vitatu vya rangi vyenye kuchukua viambishi vya ngeli. Rangi nyingine husemwa kwa majina ya vitu, kama kijani, kahawia na zambarau. Berlin na Kay, katika kitabu chao cha 1969, waliziweka rangi hizo tatu mwanzoni mwa ngazi yao. Lakini maji meupe hayana rangi ya maziwa. Ni maangavu, hayana tope. Mtu mweupe naye aweza kuwa Mwafrika wa rangi ya maji ya kunde. Katika mifano hii -eupe hueleweka kwa kile inachopingana nacho.

Jambo hili si la darasani tu. Maji yaweza kuwa meupe na matamu, na bado yakabeba kipindupindu. Mwandishi wa tangazo la afya anayetumia -eupe kwa maana ya usafi humpa msomaji ruhusa ya kuyanywa. Hapana budi aseme waziwazi: maji yaliyochemshwa.

Yafaa basi kamusi zionyeshe kila maana pamoja na nomino yake na kinyume chake: maji matamu dhidi ya maji ya chumvi, maji meupe dhidi ya maji ya tope. Kuziita maana hizi sitiari ni kuzisukuma pembeni, ilhali kwa mchota maji wa Tana ndizo za kwanza.