Istilahi za Uvuvi: Jina Lifuate Kazi ya Kitu

Mvuvi wa mwambao wetu hana upungufu wa maneno. Anao mshipi na ndoana, anayo chubwi ya kuzamisha, chelezo cha kuelea, na chambo cha kumshawishi samaki. Hata hivyo, wafasiri wanapokabiliwa na maandishi ya uvuvi kutoka Marekani, baadhi yao huiacha hazina hiyo wakafasiri sura ya neno la Kiingereza badala ya maana yake. Katika makala haya tunakusudia kupima istilahi nne zinazohusu uvuvi wa samaki wadogo kwa vyambo laini vya kutengenezwa.

Jambo hili si mchezo wa maneno. Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, wapo wahamiaji kutoka Kongo wasemao Kiswahili. Huko mtu mzima avuaye katika ziwa au mto hana budi kuwa na leseni na kufuata sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza. Neno likifasiriwa visivyo, mwenye kutozwa faini ni mvuvi, si mfasiri.

Tuanze na samaki wenyewe. Waamerika huwaita "panfish", yaani samaki wanaoenea katika kikaango. Hilo ni kundi la jikoni wala si la ukoo: wamo samaki wa jenasi ya Lepomis, wa Pomoxis, na yule aitwaye Perca flavescens. "Samaki wa kikaango" ni tafsiri ya neno kwa neno isiyomfaa msomaji, kwani hata kipande cha nguru huingia kikaangoni. Wapo pia washawishikao kuandika "perege" kwa sababu ya umbo, au "sangara" kwa sababu kamusi huoanisha jina hilo na "perch". Hili la pili ni kosa kubwa zaidi. Sangara wa Ziwa Victoria ni wa jamii nyingine kabisa, naye aweza kupita kilo 100, hali Perca flavescens ni nadra kufikia kilo 1. Sisi twaona "samaki wadogo wa kitoweo" yatosha kwa kundi zima. Na pale sheria inapoweka idadi kwa kila aina, kila aina itajwe kwa jina lake la kitaalamu.

Istilahi ya pili ni chombo chenyewe. Mwaka 1949, huko Akron, Ohio, Nick Creme alianza kutengeneza nyungunyungu wa plastiki laini kwa ajili ya wavuvi. Leo vipo vidogo vya sentimita 3 hadi 5, vinavyowafaa samaki tunaowazungumzia. Siri yao ni ulaini: mkia hutikisika kwa mvuto mdogo wa mshipi, na samaki akikiuma hachelei kukishika kitambo kidogo kabla ya kukitema. Wengi wangeviita "vyambo vya plastiki". Jina hilo halitenganishi kitu na kitu, kwa sababu vyambo vingi vigumu navyo ni vya plastiki. Waamerika wenyewe hawakuepuka mtego huu: mwaka 2013 bunge la Maine lilipelekewa muswada wa kukataza vyambo "vya mpira", ilhali vingi vya vyambo vilivyokusudiwa si vya mpira hata kidogo. Hofu ilikuwa kwamba samaki humeza vitu hivyo visivyoyeyuka tumboni. Sifa iliyoleta hofu ni ile ile iletayo faida, nayo ni ulaini. Basi ulaini ndio uingie katika jina.

Je, neno "chambo" pekee halitoshi? Halitoshi. Maine ina maji ambamo vyambo vya kutengenezwa tu ndivyo vinavyoruhusiwa. Mfasiri akiandika "chambo" kwa vyote viwili, mvuvi ataingia na nyungunyungu hai akidhani ametii. Neno "bandia" tunalo tangu zamani katika meno ya bandia na mtoto wa bandia, wala halina budi ya kumaanisha udanganyifu wa dukani.

Tatu ni ile ndoana ndogo iliyoyeyushiwa uzito shingoni, ambayo huvishwa chambo laini. Kwa samaki hawa uzito wake mara nyingi haufiki gramu 2. Kuiita "ndoana ya risasi" ni kurudia kosa la kutaja maada. Tangu mwaka 2017 Maine imekataza kutumia zile za risasi isiyopakwa rangi zenye urefu usiozidi inchi 2.5, kwa kuwa ndege wapigao mbizi huzimeza wakafa kwa sumu. Sasa hutengenezwa pia kwa bati na kwa madini mengine. Jina lililofungwa na risasi humwelekeza mvuvi kwenye kitu kilichokatazwa. "Ndoana yenye chubwi" hubaki kweli kwa maada yoyote.

Mwisho ni "open water". "Maji wazi" hayamwambii msomaji lolote, na "bahari kuu" ni upotofu. Neno hilo lina maana mbili. Katika sheria za nchi za baridi ni maji yasiyoganda, kinyume cha uvuvi wa kutoboa barafu. Katika mazungumzo ya wavuvi ni sehemu ya ziwa iliyo mbali na ukingo na magugu, ambako samaki wa Pomoxis hukaa kati ya uso na sakafu. Mfasiri aamue kwanza ni ipi, ndipo aandike.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. samaki wadogo wa kitoweo;
2. chambo cha bandia, na chambo laini cha bandia kwa aina tuliyoieleza;
3. ndoana yenye chubwi;
4. maji yasiyoganda, au katikati ya ziwa, kwa kadiri ya maana.

Huenda ikasemwa kwamba majina haya ni marefu. Ni kweli, lakini urefu hupunguzwa na matumizi, hali kosa huzidishwa nayo. Walimu na wafasiri wayajaribu katika kazi zao, na mwenye neno bora kutoka vinywani mwa wavuvi alilete lipimwe kwa kipimo hicho hicho: je, lataja kazi ya kitu?