Familia Isiyosema: Tahakiki Fupi ya Somo la "Familia Yangu"

Karibu kila kitabu cha Kiswahili cha wanafunzi wanaoanza kina somo liitwalo "Familia Yangu", na karibu kila somo la namna hiyo lina picha ile ile. Baba ameketi kitini anasoma gazeti. Mama yuko jikoni anapika. Watoto wako uani wanacheza. Chini ya picha kuna sentensi tano au sita, zote za wakati uliopo, halafu maswali: Baba anafanya nini? Mama anafanya nini? Mwanafunzi akishajibu, somo limekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuitahakiki familia hiyo, kwa kuwa tunaamini imetutia hasara ambayo sisi walimu hatujaihesabu.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba katika nyumba hiyo hakuna anayesema na mwenzake. Hakuna anayeita, anayeomba, anayekataa wala anayelia. Tunaambiwa kuwa watoto wanacheza, lakini hatuambiwi wanacheza nini. Je, ni kombolela, rede, mdako au kuruka kamba? Mwandishi hakutoka uani kutazama. Nyumba yenye watoto wadogo haiko hivyo hata kidogo. Yuko anayetambaa kuelekea kwenye jiko la makaa. Yuko aliyesimama dede kwa mara ya kwanza, na ndugu zake wanampigia makofi mpaka anaanguka kwa furaha. Yuko aliyetumwa chumvi dukani akarudi na peremende. Yuko anayedeka tangu asubuhi kwa sababu mbeleko aliyoizoea sasa ni ya mdogo wake. Visa hivi ni vidogo, lakini ndivyo vinavyoijaza siku ya familia, na kila kimoja kina mwanzo, kati na mwisho kama hadithi yoyote.

Jambo la pili ni la kisarufi, na hapa tungependa walimu wenzetu watusikilize kwa makini. Mtoto mdogo ndiye mwalimu bora wa kauli za vitenzi. Mtu mzima hula, hunywa, huoga, huvaa na hulala. Mtoto mchanga hawezi kuyafanya hayo peke yake, kwa hiyo mama humlisha, humnywesha, humwogesha, humvisha na humlaza. Kauli ya kutendesha, ambayo wanafunzi wetu huikariri katika jedwali bila kujua inatumika wapi, iko hai kila siku katika malezi. Mtoto akianza kusema, naye huleta kauli ya kutendea: nifungie kamba ya kiatu, nimenyee ndizi, nipulizie uji, nishikie mpira wangu. Halafu hufika siku anaposimama mlangoni na kutangaza, "Nitavaa mwenyewe!" Siku hiyo kitenzi kimerudi katika hali yake ya kawaida, na mzazi anajua kuwa mtoto amekua. Hapo mwanafunzi amejifunza kauli tatu za kitenzi bila kuona jedwali.

Tuongeze nyakati na hali. "Umeshanawa?" "Bado sijanawa." "Njoo ule." "Usiguse, utaungua." "Ukimaliza, utakwenda kucheza." Mazungumzo haya mafupi ya mezani yana -mesha-, -ja-, dhamira tegemezi, ukanushi na -ki- ya masharti. Somo la picha ya gazeti na jiko lina -na- peke yake. Hatusemi kuwa -na- isifundishwe. Tunasema kuwa familia, ambayo ingetupa karibu sarufi yote ya mwaka wa kwanza, tumeifanya itupe kiambishi kimoja.

Jambo la tatu ni istilahi za ujamaa. Wanafunzi wetu wengi hapa Uganda huja darasani wakiwa tayari wanatofautisha dada wa baba na dada wa mama, na kaka wa mama na kaka wa baba. Anayesema Luganda ana ssenga na kojja, na kwake shangazi na mjomba ni maneno mapya kwa watu anaowafahamu tangu utotoni. Lakini tukifundisha kwa kupitia Kiingereza, tofauti hiyo hufutika, na mwanafunzi hutoka darasani akiwa na "anko" na "anti" tu. Baba mdogo, mama mkubwa, kifungua mimba na kitindamimba humpita. Tumempokonya alichokuja nacho.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini kuwalaumu waandishi wa vitabu vya kiada peke yao? Je, fasihi yetu imemtendeaje mtoto? Swali hilo ni la haki. Tukianza na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, tunamkuta mama mgonjwa anayemwita binti yake akae karibu na wino na karatasi. Huo ni mwanzo wa kinyumbani kabisa. Lakini baada ya hapo binti hasemi neno. Mama anausia, binti anaandika. Tena, mtoto mdogo anayejitokeza katika utendi ni mume: bibi huyo anamfananisha mume na mtoto ambaye bado hajajua kusema, na kumtaka binti amtunze hivyo. Tashbihi hiyo ina ucheshi na ujuzi mkubwa wa malezi. Inaonyesha kuwa mshairi alimjua mtoto vizuri, ila hakumtungia yeye.

Shaaban Robert (1909-1962) aliwatungia wanawe tenzi mbili mashuhuri, Hati kwa ajili ya binti na Adili kwa ajili ya mwana wa kiume. Mapenzi ya mzazi yamejaa humo, lakini mtoto ni yule yule wa kuusiwa. Katika riwaya mambo hubadilika kwa namna nyingine. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, nyumba ya Zakaria inatawaliwa na ulevi na hofu. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, mtoto anafiwa na mama yake na kushika safari ndefu ya kumtafuta baba. Kazi hizi ni nzuri na tutaendelea kuzifundisha. Lakini mtoto ndani yake ni wa kuonywa au wa kuhurumiwa. Hata methali tunazozipenda zina mwelekeo huo: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mcha mwana kulia hulia yeye. Mtoto analelewa, analia, anafunzwa. Ni mara chache tunamkuta akiwa na jambo lake mwenyewe analolitafuta, hata kama jambo hilo ni kuku aliyeingia chini ya kitanda.

Wako watakaosema kuwa visa vya namna hiyo havina dhamira nzito na kwamba kitabu cha shule lazima kifundishe maadili. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na peremende amekwisha kutuletea suala la uaminifu, la fedha ya nyumba na la namna mama anavyokosoa bila kuvunja. Mwandishi hana haja ya kuongeza aya ya mafunzo mwishoni. Maadili yamo katika kisa, na msomaji wa miaka minane atayaona.

Kuna sababu nyingine inayotufanya tulisemee jambo hili sasa. Kiswahili katika nchi yetu kina historia yake. Wengi walikijua kwanza kama lugha ya jeshi na polisi, na serikali ya Idi Amin ilipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, sifa hiyo haikupungua. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi wahitimu wetu watasimama mbele ya watoto wa miaka sita na saba. Wengi wao wanajua kujadili utandawazi na fani na maudhui. Je, wanajua kumwambia mtoto afute makamasi, au kumbembeleza aliyeanguka? Lugha iliyoogopwa kwa amri zake haitapendwa kwa amri nyingine ya serikali. Itapendwa ikisikika ikibembeleza.

Siku hizi hazina imeongezeka. Mradi wa African Storybook, kwa mfano, tangu mwaka 2014 umeweka kwenye intaneti hadithi nyingi fupi za watoto, za Kiswahili zikiwamo, ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzinakili na kuzirekebisha bila malipo. Ushauri wetu ni kuwa zichaguliwe kwa uangalifu, kwani hadithi iliyotafsiriwa inaweza kuwa na picha nzuri na mazungumzo ambayo hakuna mama wa Kiswahili angeyasema. Mwalimu aisome kwa sauti kwanza. Ulimi ukikwama, sentensi irekebishwe.

Tunapendekeza pia zoezi moja kwa wanafunzi wa ualimu. Kila mmoja akae nusu saa katika nyumba yenye watoto wadogo, aandike yaliyosemwa kwa lugha yoyote ya nyumba hiyo, kisha ayaandike upya kwa Kiswahili, si neno kwa neno, bali kama Mswahili angeyasema. Atakapokosa neno, aulize. Orodha ya maneno waliyoyakosa ndiyo itakayotuonyesha idara yetu inapaswa kufundisha nini. Wenzetu watakaolijaribu zoezi hili watuletee matokeo, tuyajadili katika matoleo yajayo.