Panga Moja kwa Nyumba Nzima

Nimelipata! Asubuhi hii, katika duka la vyuma hapa Kaberebere, malori yakipakia matoke ya kwenda Mbarara, nimenunua panga jipya la inchi 18, na mikono bado inaniwasha! Nilitoa noti ya elfu ishirini, na chenji ikanitosha kununua tupa.

Kabla ya kulipa nililigonga kwa ukucha. Ngiiing! Chuma chenye mlio huo hakina ufa. Nikalipinda juu ya goti, nikaliachia, likanyooka kama rula. Mpini ni wa mbao, ribiti tatu, hautikisiki hata kidogo. Makali? Hamna! Panga la dukani huja butu, tupa ndiyo inayolizindua. Dakika kumi nyuma ya nyumba, kisha nikapitisha kwenye jani la mgomba: hata halikuyumba, lilianguka tu!

Najua Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kuna ubishi. Wanyarwanda na Warundi wataniambia chuma cha migomba ni muhoro, ule wenye ncha ya ndoano. Kwa kupogoa majani makavu ya juu, nakubali, hauna mpinzani. Lakini nyumba yenye fedha ya chuma kimoja haina kazi moja! Kufikia adhuhuri panga hili lilikuwa limeangusha mkungu, limepasua kuni za kuchemshia maharage, limechonga mpini wa jembe na kufyeka nyasi za uani. Kwa ubapa wake nikapigilia kigingi cha mbuzi!

Kasoro? Utomvu wa mgomba umeshalitia weusi, na bila kulipaka mafuta litashika kutu. Kubwa zaidi ni hili: mnyauko wa bakteria ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 hupanda panga kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima. Chuma kinachofanya kazi zote ndicho kinachogusa mashina yote. Basi kabla ya kuhamia shina jingine, lipitishe motoni au lifute kwa Jik. Usione uvivu!

Nilitaka kulijaribu tena jioni, lakini mke wangu ameshalichukua kukatia majani ya kufunikia matoke, na jirani amesimama pembeni yake akingoja zamu.