Jedwali la Nyota na Hoja ya Mhakiki: Usanifu wa Kurasa katika Cahiers du cinéma

Wanafunzi wetu wa fasihi hufundishwa kutenga fani na maudhui, kisha kuonesha jinsi viwili hivyo vinavyotegemeana. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini unaacha pengo: sura ya ukurasa wenyewe, yaani jalada, safu, picha na majedwali, haihesabiwi popote. Huachiwa mchapaji. Makala haya yanadai kwamba, katika majarida ya uhakiki wa filamu, sura ya ukurasa ni sehemu ya hoja, na kuiacha nje ya uchambuzi ni kusoma nusu ya matini.

Mfano wetu ni Cahiers du cinéma, jarida lililoanzishwa Paris mwezi Aprili 1951 na André Bazin, Jacques Doniol-Valcroze na Joseph-Marie Lo Duca. Kwa zaidi ya miaka kumi lilijulikana kwa jalada lake la manjano. Watafiti wengi hulikumbuka kwa insha zake, hasa ile ya François Truffaut ya Januari 1954 iliyoshambulia mazoea ya sinema ya Kifaransa ya wakati huo. Hata hivyo, msimamo wa jarida haukukaa katika insha peke yake. Katikati ya miaka ya 1950 lilianza kuchapisha jedwali lililoitwa Baraza la Watu Kumi. Safu za wima zilibeba majina ya wahakiki. Mistari ya mlalo ilibeba filamu mpya. Zilipokutana paliwekwa alama: nukta nyeusi kwa filamu isiyostahili usumbufu wa kwenda kuitazama, au nyota, kuanzia moja hadi nne, nne zikiwa za kazi bora kabisa.

Tuanze na mistari. Kando ya jina la filamu liliandikwa, katika mabano, jina la mwongozaji. Si la mwigizaji wala la kampuni. Hoja kuu ya wahakiki wale, kwamba mwongozaji ndiye mwenye filamu kama mwandishi alivyo mwenye riwaya, inatolewa hapo bila kitenzi hata kimoja. Msomaji anaipokea kama jambo lililokwisha kukubaliwa, kabla hajapata nafasi ya kulipinga.

Safu zinabeba jambo zito zaidi. Barazani hawakuketi watu wa jarida peke yao. Alikuwamo Bazin, Mkatoliki, na alikuwamo Georges Sadoul, Mkomunisti; alikuwamo pia Jean de Baroncelli wa gazeti la Le Monde. Mpangilio huo uliruhusu nyota nne na nukta nyeusi kukaa katika mstari mmoja, na wahariri hawakutafuta wastani. Uamuzi huo ni wa kinadharia. Wastani wa nyota nne na nukta ni nyota mbili, daraja ambalo hakuna mhakiki aliyelitoa. Palipo na wastani, mgogoro hufichwa. Palipo na jedwali, mgogoro ndio habari yenyewe.

Itapingwa kwamba nyota hazitoi sababu. Ni kweli. Ndiyo maana jedwali lilihitaji tahakiki ndefu katika kurasa nyingine za toleo. Bila tahakiki, jedwali ni uvumi. Bila jedwali, tahakiki inaweza kudhaniwa kuwa hukumu ya wote. Historia ya baadaye inalithibitisha hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, jarida lilipofuata siasa ya Kimao, picha zilipungua mno na nadharia ikajaza kurasa. Mabadiliko hayo huelezwa kama ya itikadi. Kwa maoni yangu yalikuwa pia ya usanifu, kwa kuwa ukurasa ulibaki na sauti moja.

Sisi tunaotaka uhakiki wa filamu ustawi katika Kiswahili tumetumia nguvu nyingi kutafuta istilahi. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Tasnifu zetu hunukuu majarida kana kwamba yalikuwa maneno matupu: sentensi inahamishwa, ukurasa unatupwa. Mtafiti anayenukuu tahakiki atueleze pia ilikaa wapi, kando ya picha gani, na nani aliruhusiwa kuipinga katika toleo hilohilo. Asipofanya hivyo, atatuletea alichosema mhakiki mmoja na kukiita msimamo wa jarida zima.