Kulea, Kufuga na Kuchunguza: Uhakiki wa Filamu ya Virunga

Filamu ya Virunga (2014), iliyoongozwa na Orlando von Einsiedel, kwa kawaida hutazamwa kama hadithi ya mafuta na vita. Hata hivyo, hisia zake zinabebwa na suala jingine: je, ni halali binadamu kumkuza gorila kama mwanawe?

Katika kituo cha Senkwekwe, Rumangabo, mlinzi André Bauma anasawiriwa kama mzazi wa mayatima. Mmoja wao, Ndakasi, aliokotwa mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi miwili hivi, angali ameukumbatia mwili wa mama yake aliyepigwa risasi.

Kiswahili chenyewe kinatupatia mizani. Mfugaji hufuga kwa manufaa yake. Mchunguzi huchunguza kwa ajili ya elimu. Mlezi hulea ili mtoto aje kujitegemea. Mwaka 1931, huko Marekani, Winthrop Kellogg na mkewe walimkuza sokwe mtu aitwaye Gua pamoja na mtoto wao kwa takriban miezi tisa, kisha wakamrudisha alikotoka. Huo ulikuwa uchunguzi uliovikwa vazi la malezi. Kazi ya Bauma ni tofauti: waliomfanya Ndakasi yatima ni binadamu, hivyo kumlea ni kulipa deni.

Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndakasi hakurudi msituni. Alifariki kituoni mwezi Septemba 2021, mikononi mwa Bauma. Uhai uliokolewa, kujitegemea hakukupatikana. Filamu inatuonyesha kumbatio bila kudadisi gharama yake kwa anayekumbatiwa.

Udhaifu mkubwa zaidi unaonekana ukiitazama filamu hii kutoka Lac Vert, magharibi mwa Goma. Mwaka 2023 eneo hilo lilijaa mahema ya waliokimbia vita, na huenda mtazamaji wa huko akauliza kwa nini yatima wa gorila apewe picha ya karibu kuliko yatima wa mtu. Jibu limo jikoni. Mauaji ya gorila ya mwaka 2007 yalihusishwa na biashara haramu ya makala ya mbuga, nayo makala ndiyo yanayopikia chakula katika nyumba nyingi za Goma. Filamu inamtafuta mkosaji katika kampuni ya mafuta, na jiko inalipita kimya. Maadili ya kumlea Ndakasi yangepaswa kuanzia hapo: kwa mpishi asiye na nishati nyingine, ambaye naye ni mdaiwa na mdai kwa wakati mmoja.