Waya wa Shaba Juu ya Sindano

Waliokuwapo alasiri ile ya Jumamosi hapa Tanga, katika nyumba ya vinyonga tulikoalikwa kuitazama mashine ya ukungu ikitengenezwa, walimwona fundi akiurudisha ukungu kwa kipande cha waya wa shaba kisichozidi urefu wa kidole, wakapiga makofi. Wala siwalaumu, kwa kuwa ukungu unaporejea baada ya siku tatu za ukavu humfurahisha kila mwenye kumpenda mnyama. Lakini makofi yale yalipigiwa kosa, nami tangu nilipouona waya ule ukizungushwa nilijua kwamba mashine ile haitaliona jua la kesho yake.

Mashine yenyewe wasomaji wa safu hii hawahitaji kuelezwa: ni ile ya kisahani cha kauri cha milimita 20, kinachotetema mara milioni 1.7 kwa sekunde ndani ya ndoo yenye kifuniko, feni ndogo ikiusukuma ukungu kupitia mpira hadi kizimbani. Ila neno moja nitalirudia, ijapokuwa nimekwisha kulirudia hata baadhi ya marafiki wakaninunia: kitokacho mle si mvuke. Mvuke ni maji yaliyogeuka hewa, nao hauonekani kwa jicho; ukungu ni maji yale yale yaliyokatwa vitone vidogo mno, kwa mtetemo huo vikiwa na upana wa mikroni kama 3, na kila kilichomo ndani ya maji, chumvi na chokaa, husafiri pamoja navyo hadi juu ya majani, juu ya kioo, na ndani ya mapafu ya mnyama. Fundi alisema "mvuke" alasiri nzima, na mwenye kudhani kwamba ni mvuke hana njia ya kutambua kwa nini aina ya maji ndilo jambo la kwanza la kuulizwa.

Mwanzo wake ulikuwa mwema. Alikagua soketi, akaipima adapta ikatoa volti 24, akayamwaga maji yaliyotuama katika pindo la mpira, akakisafisha kisahani kwa siki na pamba wala hakukigusa kwa bisibisi, na yote hayo aliyafanya kwa utaratibu. Nampa haki yake.

Kisha akafika kwenye sindano. Taa za mashine zilikuwa zinawaka, umeme unafika, kisahani ni kizima na hakina ukoko, maji yamekifunika kwa vidole viwili kama ipasavyo, ilhali uso wa maji umetulia kama wa mtungini. Hapo ndipo alipoinama, akaigonga kwa ukucha ile sindano ndogo ya chuma iliyosimama kando ya kisahani, akatikisa kichwa, akasema, "Sensa imekufa." Hakuipima, ilhali mita ilikuwa mkononi mwake, ile ile aliyoipimia adapta dakika kumi kabla. Akatoa mfukoni kipande cha waya, akakimenya kwa meno, akakizungusha mara tatu kwenye sindano, na ncha ya pili akaikandamiza kwenye mwili wa mashine, ule wa shaba ya manjano, mpaka vikagusana. Papo hapo maji yakainuka katikati kama kichuguu, ukungu ukamiminika juu ya ukingo wa ndoo, na watu wakapiga makofi. Bibi mtunzaji, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kitambaa mkononi, akamwuliza, "Na maji yakipungua usiku, mwanangu, itajizima?" Naye akajibu bila kugeuka, "Usihofu, bibi, ndoo imejaa."

Swali lile la bibi ndilo lililokuwa uchambuzi wa kweli wa alasiri ile, na lilipuuzwa. Kwani sindano ile imewekwa kwa kazi moja tu: umeme mdogo sana hutoka katika sindano, ukapita ndani ya maji, ukafika kwenye mwili wa mashine, na maadamu unapita, mashine hujua kwamba imezama; maji yakishuka chini ya ncha ya sindano, njia hukatika, na kisahani huzimwa kabla hakijaguswa na hewa. Mwenye kuunganisha sindano na mwili kwa waya ameiambia mashine kwamba imezama milele, hata ikiwa imekaa juu ya meza. Na kisahani kinachotetema pasipo maji hakina pa kuupeleka mtetemo wala joto lake. Hupata moto kwa muda mfupi sana, kikapasuka. Fauka ya hayo, waya wa shaba uliolazwa majini huota kutu ya kijani, nayo si kitu cha kupulizwa juu ya majani anayolamba kinyonga.

Lakini ubaya wa uamuzi ule haukuwa katika hatari yake tu, bali katika kuwa sensa haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima kabisa. Siku tatu kabla, yaani siku ile ile ukungu ulipokatika, bibi mtunzaji alikuwa ameacha maji ya kisima, akaanza kutumia maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, yale maji matupu yaliyosafishwa, si ile tindikali ambayo wengine huiita kwa jina hilo hilo. Alifanya jambo ambalo safu hii imeliomba kwa miaka. Walakini maji yaliyosafishwa hivyo hupitisha umeme kidogo mno, aghalabu chini ya sehemu moja ya mia ya yanavyopitisha maji ya bomba, na sindano iliyozama ndani yake huona kama imesimama hewani. Mashine ilikuwa inatii amri iliyopewa na aliyeiunda: nikikosa umeme majini, nitanyamaza. Kikombe kimoja cha maji ya bomba kingemaliza shauri lote. Wako wanaotia chumvi kidogo, na sindano hutosheka nayo, lakini mimi siikubali, kwa sababu chumvi ile nayo itarushwa hewani pamoja na ukungu. Maji ya bomba kidogo yatosha.

Alichokosa fundi ni swali moja, "Bibi, umebadilisha nini?" Nilimjua, nikiwa kijana, fundi mmoja wa redio katika mtaa wa Ngamiani, sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, aliyekuwa haifungui redio ya mtu kabla ya kumkalisha mwenyewe kwenye kigoda na kumwuliza, "Jana ilikula nini?" Maana yake: iliwekewa betri gani, ilihamishwa wapi, nani aliigusa. Wakati ule walikuwapo mafundi waliokuwa wakiziba mahali pa fyuzi iliyoungua kwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, redio ikaimba na mwenyewe akaondoka ameridhika, kisha usiku transfoma ikaungua. Naye alizoea kuzichomoa karatasi hizo kwa koleo na kuzipanga kwenye ukingo wa dirisha lake, ili kila aingiaye azione. Waya wa Jumamosi ni karatasi ile ile. Laiti fundi wetu, ambaye mikono yake ni mizuri kuliko ya wengi wa rika lake, angelipita mbele ya dirisha lile walau mara moja.

Nirudi kwenye usiku wenyewe. Ndoo ile, juu ya kiwango cha kisahani, ilikuwa na maji ya lita 3; mashine ya ukubwa ule hula kama mililita 400 kwa saa; iliwashwa saa mbili usiku. Hesabu ni ya mtoto wa darasa la tano: lita 3 zinakwisha kwa saa saba na nusu, na saa tisa na nusu usiku, ilhali kila mtu amelala, kisahani kilibaki kikavu huku waya ukiendelea kukihakikishia kwamba kimezama. Bibi alipoamka kwa sala ya Alfajiri alikuta harufu ya plastiki iliyoungua, kauri imepasuka ufa mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, na majani ya kizimba makavu. "Ndoo imejaa" lilikuwa jibu la saa kumi alasiri; bibi aliuliza habari za usiku.

Na usiku ndio wakati wa ukungu. Mkazi wa kizimba kile, anayetunzwa kwa kibali, ni kinyonga wa pembe tatu wa Usambara, aitwaye na wataalamu Trioceros deremensis, wa misitu ya milima ile ile tunayoiona kutoka huku pwani siku ya mawingu machache. Huko ukungu hushuka jioni na baridi, ukalala juu ya matawi mpaka jua lichomoze, na mnyama hulamba matone asubuhi, kwani kinyonga aghalabu hajui kunywa katika bakuli. Wanaouwasha ukungu mchana kutwa ndani ya kioo kisichopitisha hewa, katika joto hili la Tanga, humtafutia maradhi ya kifua. Hilo nalo nimelisema sana. (Wazee wetu waliompa mnyama huyu jina waliheshimiwa mwaka 2006, pale jenasi moja ya vinyonga wa Afrika Mashariki ilipopewa jina la kitaalamu Kinyongia, kutoka katika neno letu.)

Atakayesema kwamba nakuza jambo dogo, na aikumbuke Kihansi. Chura mdogo wa korongo lile la Udzungwa alikuwa akiishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto, na kwingineko kote duniani hakuwapo. Bwawa la umeme lilipoyachukua maji yale mwaka 2000, wahandisi walitandaza mabomba yenye vinyunyizi, maji yakishuka kwa uzito wake yenyewe kutoka juu, ili manyunyu yasikatike, na vyura 499 wakapelekwa Marekani kwa hadhari. Ile ilikuwa kazi ya watu waliotambua kwamba kiumbe wa unyevunyevu hana akiba ya siku mbili. Mwaka 2003, wakati wa kiangazi, vinyunyizi viliharibika, na katika majira hayo hayo ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukaonekana na bwawa likafunguliwa kutoa matope yenye dawa za mashambani. Vyura wakaporomoka, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Wale waliopelekwa ng'ambo ndio waliowezesha wengine kurudishwa korongoni mwaka 2012. Sisemi kwamba waya wa Tanga ni msiba wa Kihansi. Nasema kwamba wale waliomwekea chura akiba walijiuliza mapema swali alilouliza bibi: na maji yakikatika?

Hata waasisi wa sanaa hii walilijua jambo la kisahani. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Na mwaka 1927 Wood na Loomis, Wamarekani, walipoitetemesha sahani ya fuwele kwa nguvu kubwa, wakaona kichuguu cha kimiminika kikiinuka na matone yakiruka, sahani yao walikuwa wameizamisha ndani ya mafuta. Karibu miaka mia moja baadaye, sisi tunakianika kisahani hewani kwa waya wa mfukoni.

Kilichonichoma zaidi ni maneno ya watu waliporudi Jumapili. Walipouona ufa, baadhi yao walisema kwamba maji ya betri ndiyo yaliyoiua mashine, na mmoja, mtu ninayemheshimu, akatangaza kwamba yeye atarudi kwenye maji ya kisima. Hivyo uamuzi mmoja mbaya uliharibu kisahani na pia ushauri mwema. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chokaa hata birika hufanya ganda, na ganda lilo hilo hukifunika kisahani kwa wiki chache, ukungu ukafifia siku hata siku mpaka ukakatika. Kukatika kwa namna hiyo hakufanani na kukatika kwa ghafla kulikotokea hapa. Ukungu unaofifia polepole, tuhuma iende kwanza kwenye chokaa na uchakavu wa kauri. Ukungu unaokatika siku moja, ilhali taa zinawaka, mtu aulize habari za maji: kina chake na aina yake. Kina nacho kina pande mbili, maana maji yakizidi mno juu ya kisahani nayo huuzuia ukungu, na wengi hujaza ndoo zaidi wakidhani wanaisaidia.

Jumatatu nilikwenda na mashine yangu, ya aina ile ile. Nilimwamkia bibi, "Shikamoo," akaitikia, akanikaribisha, akaniletea ndoo na maji yale yale ya betri yaliyosalia. Nikaizamisha: taa zikawaka, maji kimya. Nikamwomba kikombe cha maji ya bomba, nikamimina mwenyewe taratibu karibu na sindano, na kikombe hakijafika nusu maji yakatikisika, kichuguu kikainuka, ukungu ukafurika ndooni. Kisha nikaitoa mashine majini kwa kuivuta waya wake. Ncha ya sindano ilipoachana na maji ikanyamaza yenyewe. Bibi alitazama yote hayo bila kusema neno, halafu akasema, "Kwa hiyo mwanangu yule aliifunga mdomo." Nikamwambia naam.

Kisahani kipya kimeagizwa. Kitakapofika, ile pete ya mpira ilazwe sawasawa kabla ya kifuniko kukazwa kwa mkono, maji yapande hadi vidole viwili juu ya kauri, kikombe kimoja cha maji ya bomba kichanganywe katika kila ndoo ya maji ya betri, na saa ya soketi itegwe ili mashine ifanye kazi kwa vipindi, isije ikala lita 3 kwa mfululizo. Waya wa shaba bado uko kwenye sindano. Bibi amekataa usitolewe na mwingine yeyote, anataka fundi aje autoe mwenyewe.