Mhadhiri Mzuri wa Sayansi Utamjuaje?

Pita kwenye vimbweta vya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wiki ya kwanza ya muhula, utasikia wahadhiri wakipangwa madaraja. Yule anashusha nondo bila kutazama karatasi. Huyu slaidi zake zimenyooka. Mwingine ni mcheshi, kipindi chake hakichoshi. Na yupo anayegawa sapu, ile mitihani ya marudio, kama njugu, kwa hiyo lazima awe kichwa. Sifa hizo zote zinaweza kuwa za kweli na bado zisiseme lolote kuhusu ufundishaji, maana zinamweleza aliyesimama mbele tu. Nikiombwa kumpima mhadhiri wa sayansi, namtazama yeye dakika chache za mwanzo, kisha nageuza macho kwa waliokaa.

Shahidi wangu ni mtu ambaye kipaji chake hakina ubishi. Kati ya 1961 na 1963 Richard Feynman alifundisha fizikia ya mwanzo pale Caltech, Marekani, na mihadhara ile ikawa vitabu vinavyosomwa hadi leo. Lakini katika dibaji yake mwenyewe aliandika kwamba haoni kama aliwafaa sana wanafunzi wale, akizingatia jinsi wengi wao walivyohangaika na maswali ya mtihani. Mihadhara ilikuwa ya hali ya juu. Ufundishaji, kwa hukumu ya mwenyewe, ulipungukiwa. Anayeshindwa kutenganisha mambo hayo mawili asipewe fomu ya kumpima mtu.

Basi kaa viti vya nyuma na utazame kalamu. Zikienda zote kwa pamoja saa nzima, kinachofanyika ni kunakili, na kazi hiyo madesa yangeitosheleza. Unachotafuta ni pale kalamu zinaposimama. Mhadhiri ameuliza swali, akanyamaza. Sikiliza ameuliza nini. “Tumeelewana?” si swali, ni namna ya kuomba ruhusa ya kwenda slaidi inayofuata, na ukumbi hauna uchoyo wa kumpa. Swali lenye thamani huugawa ukumbi. Kwa mfano: nimerusha mpira juu, umefika kileleni, kasi yake ni sifuri, je, mchapuko wake ni kiasi gani? Wengi watasema sifuri. Mvutano wa dunia haupumziki hata nukta moja, kwa hiyo jibu ni lile lile la tangu mpira ulipotoka mkononi. Mhadhiri wa kawaida atalitoa jibu hilo papo hapo. Fundi atasema: mgeukie jirani yako, mbishane, nitauliza tena. Kisha atauliza tena kweli.

Eric Mazur wa Harvard ndiye aliyeutangaza mtindo huu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hakuuanza kwa raha. Aliwapa wanafunzi wake jaribio la maswali mepesi kuhusu kani, yasiyo na hesabu, na mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama walivyofundishwa, au kama yeye mwenyewe anavyofikiri. Mhadhiri yeyote wa sayansi ana wanafunzi wa namna hiyo. Tofauti ni kama anawajua.

Mabishano yakianza, sikiliza lugha pia. Kwa kanuni chuo hufundisha kwa Kiingereza, lakini aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili aliufikiria mpira ule kwa Kiswahili muda mrefu kabla hajakutana na Newton. Ukisikia viti vya kati vinabishana kwa Kiswahili kilichochanganyika na istilahi za kitabu, na mhadhiri anapita katikati yao akisikiliza bila kuwakatisha, mwandikie alama nzuri. Wapo wanaoudhika na hilo. Nadhani wanaudhika kwa sababu ukimya wa Kiingereza unafanana sana na nidhamu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni swali linaloonekana la kijinga, na kwa hilo hatuna haja ya kusafiri mbali. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa inakwisha, naye akaingiza yake yakiwa ya moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa hayajachemshwa. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shuleni Mkwawa, Iringa, alipouliza tena mwalimu mwingine akaiita hiyo fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia. Kisha akaja mgeni kuzungumza na wanafunzi: Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akauliza mbele ya wote, wenzake wakacheka.

Osborne hakuwa na jibu. Alichofanya ni kurudi Dar es Salaam na kumpa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu swali lile. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la Physics Education ikiwa na majina mawili, na la Mpemba ndilo lililotangulia. Wanasayansi wanabishana mpaka leo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa 2016 haukuona ushahidi wa maana kwamba jambo hilo hutokea. Kwa anayepima ufundishaji hilo halibadilishi kitu. Walimu wawili walilijibu swali wasilolijua. Osborne alilipeleka maabara. Kwa hiyo ukiwa ukumbini subiri swali la ajabu kutoka pembeni, nalo likija usiandike jibu la mhadhiri. Andika uso wake, na ulizia baada ya wiki moja kama swali lile lilirudi.

Yule fundi, Mungu amrehemu kama ametangulia, alisema kwa uwazi kinachofanyika kimyakimya katika maabara nyingi. Omba uonyeshwe ripoti za jaribio la pendulamu, lile la kutafuta mchapuko wa mvutano wa dunia kwa uzi, jiwe na saa ya kupimia. Dar es Salaam, karibu na ikweta na usawa wa bahari, thamani halisi ni takriban 9.78. Namba 9.81 ni ya nchi za mbali na ikweta kama Uingereza, ndiyo iliyoingia vitabuni. Ukikuta vikundi vyote vimepata 9.81, tena kwa uzi na saa ya mkono, hapo data imepikwa, na mpishi mkuu ni mfumo wa kutoa alama. Kikundi kilichopata 9.5, kikaeleza kwamba urefu wa uzi ulipimwa hadi kwenye fundo badala ya katikati ya jiwe, kimejifunza fizikia. Uliza kilipewa alama ngapi. Halafu muulize fundi wa maabara, faraghani, mara ya mwisho mhadhiri mwenyewe alionekana lini mle ndani, au kazi yote ameachiwa mkufunzi msaidizi.

Mitihani nayo ina siri zake, lakini hii ni kazi ya mezani. Panga karatasi za miaka mitano mbele yako. Zikianza zote na “taja”, “orodhesha” na “fafanua”, umeshajua. Swali zuri halijifichi: mvule una tani kadhaa za mbao, uzito huo umetoka wapi? Wapo wahitimu wa biolojia wanaosema udongoni, ilhali waliweza kuandika mlinganyo mzima wa usanisinuru bila kukosea. Karibu kaboni yote ya mti ule ilitoka hewani. Aliyetunga swali kama hilo anajua mahali ambapo kukariri hukwama.

Kuhusu anayesapisha nusu ya darasa, sifa yake iangaliwe upya. Uchambuzi mkubwa uliotoka 2014, uliounganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi, ulionyesha kwamba wanaofundishwa kwa mhadhara mtupu huwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya ule wa wanaoshirikishwa darasani. Ugumu wa somo ni kweli, ila hauwezi kubeba lawama yote.

Fomu za tathmini za wanafunzi zisome, lakini usiziamini kwa wastani wake. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard waliwagawa wanafunzi wa fizikia: wengine wakasikiliza mhadhara uliopangika, wengine wakahangaika na maswali wenyewe. Waliohangaika walijifunza zaidi, lakini walidhani wamejifunza kidogo. Mhadhara laini huacha ladha ya kuelewa. Kwa hiyo tafuta maoni yaliyoandikwa kwa mkono, na uyape uzito yale yenye malalamiko ya aina hii: anatuuliza sana, hatoi jibu haraka.

Ukibakiwa na muda wa kumuona mtu mmoja tu, acha ofisi ya mkuu wa idara. Mtafute anayefundisha kozi inayofuata, ile ya mwaka wa pili inayojengwa juu ya hii. Yeye hupokea wanafunzi wa wahadhiri tofauti waliofaulu kwa alama zile zile, na hatatazama rekodi yoyote kabla ya kukujibu. Atakwambia: wa huyu wakikwama huchora mchoro na kuuliza kani iko wapi, wa yule wakikwama huuliza kama hiyo mada itatoka kwenye testi.